Barua za Wapenzi wa Sinema: Ngumi Isiyoonekana Imempiga Nani?

Mwezi huu barua nyingi zilizotufikia kutoka Unguja na Pemba zinahusu picha za mapigano, za vichekesho na za safari za hatari, pengine kwa sababu skuli zilikuwa zimefungwa na watu wamekaa mbele ya televisheni kuliko kawaida yao. Nimechagua saba. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha bila ya kugusa maana, na majina ya waandishi nimeyaacha kando kama wengi wao walivyoomba.

*Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Chake Chake, na umri wangu ni miaka 44. Marehemu baba alikuwa mpenzi wa picha za Bruce Lee na Jackie Chan, nami nimerithi mapenzi hayo. Siku hizi nikiangalia picha mpya za mapigano, zilizogharimu fedha zisizosemeka, nainuka na maumivu ya kichwa na sikumbuki hata pigo moja. Wanafunzi wangu wananicheka na kusema kwamba nimezeeka. Je, ni uzee?*

Waalaykumu ssalaam, mwalimu. Si uzee, na kama ni uzee basi umetukuta wengi. Kinachokuumiza kichwa ni kwamba unaoneshwa mapigano ambayo hayaonekani.

Ukifika mjini, nenda Forodhani jioni ukawaangalie vijana wa makachu. Kijana anaanza mbio kutoka mbali, nawe unamwona. Anafika ukingoni mwa ukuta, unauona mguu wake ulipokanyaga. Anajipindua hewani, unahesabu mara ngapi. Kisha anazama, na maji yanakurukia pale pale ulipokaa. Hakuna aliyekueleza kwamba mchezo ule ni wa hatari, kwa sababu umeiona hatari yenyewe tangu mwanzo wake hadi mwisho wake. Sasa fikiria kwamba mtu amesimama nyuma yako, anakufumba macho kila baada ya nusu sekunde, anakufumbua akuoneshe kisigino, anakufumba tena, anakufumbua akuoneshe povu. Kishindo utakisikia, lakini makachu hujayaona.

Hivyo ndivyo picha nyingi za mapigano za miaka ishirini iliyopita zilivyokatwa. Kamera inasogezwa karibu mno, inatikiswa makusudi, na kabla ngumi haijafika inakoenda picha inakatwa na kutupeleka kwenye uso wa mtu mwingine. Waongozaji wanaotumia njia hii husema kwamba wanatutia ndani ya vurugu ili tuihisi. Pengine, ila mara nyingi sababu ni ya kawaida zaidi. Mwigizaji mwenye jina kubwa amefundishwa kupigana kwa miezi michache tu, na yule fundi anayechukua nafasi yake kwenye hatari anajua kazi lakini uso wake haufai kuonekana. Ukiwa na mtu mwenye uso asiye na pigo, na mwenye pigo asiye na uso, kitu kitakachowaunganisha ni mkasi.

Jackie Chan hakuwa na haja ya mkasi huo, kwa kuwa alilelewa tangu utotoni katika chuo cha opera ya Kichina huko Hong Kong, ambako sarakasi na mapigano vilikuwa masomo ya kila siku. Tafuta Police Story ya mwaka 1985, ambayo aliiongoza mwenyewe, uangalie pigano la mwisho ndani ya jengo la maduka. Mwili mzima umo katika picha kuanzia utosini hadi unyayoni, anayepiga na anayepigwa wanaonekana pamoja, na mhariri anapolazimika kukata hurudia kidogo ile sehemu ya pigo iliyokwisha kupita, ili jicho lisipotewe. Kisha Jackie anaruka kutoka ghorofani, anaukumbatia mlingoti uliozungushiwa taa na kuteleza nao hadi chini huku taa zikipasuka. Mikono yake iliungua kweli, na picha inaturudishia kitendo hicho kwa pembe zaidi ya moja, kama muuza samaki anayekugeuzia changu upande wa pili ili uridhike kwamba ni wa leo.

Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba nailaumu mikato yenyewe. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, iliyopigwa zaidi katika jangwa la Namibia, ina mikato inayokaribia 2,700 katika muda wa saa mbili, na bado hupotei hata mara moja. Siri yake ni kwamba mwongozaji, George Miller, alimwagiza mpigapicha wake, John Seale, akiweke kitu muhimu katikati ya picha kila mara, kwa hiyo picha inapobadilika jicho lako tayari liko mahali panapotakiwa na halihitaji kuhangaika kutafuta. Aliyeikata ni Margaret Sixel, mke wa Miller, ambaye hadi wakati huo hakuwa amewahi kuhariri filamu ya mapigano, naye aliletewa takriban saa 480 za picha. Hizo, mwalimu, ni siku ishirini za kuangalia mchana na usiku bila ya kufumba jicho. Filamu ile ilipata tuzo sita za Oscar, na ya uhariri ilikuwa yake. Hadithi nzima ni watu kwenda mbio jangwani kisha kurudi mbio walikotoka, nami sijui picha nyingine ya magari iliyonifanya nisimame kitini.

Kwa kuwa unapenda mikono mitupu, nakupendekezea vilevile The Raid ya mwaka 2011 kutoka Indonesia, inayotumia mapigano yao ya asili yaitwayo pencak silat. Askari wanaingia katika jengo la majambazi na hawajui watatokaje. Hadithi ni hiyo tu, na inatosha. Damu ni nyingi, kwa hiyo usiipeleke darasani. Nyingine ni John Wick ya mwaka 2014, ambayo mwongozaji wake, Chad Stahelski, ndiye aliyekuwa akichukua nafasi ya nyota wa filamu hii, Keanu Reeves, katika vitendo vya hatari vya The Matrix mwaka 1999. Mtu aliyekula mkate wake kwa kuangushwa anajua vizuri kamera ikae wapi. Mimi naipenda ya kwanza kuliko zote zilizoifuata. Kufikia ya nne, ya mwaka 2023, suti isiyopenya risasi imekuwa kisingizio cha kila kitu, ingawa nakiri kwamba pale John Wick anapoporomoka kwenye ngazi za Paris nilicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

*Kaka mhariri, hapa barazani kwetu Jang'ombe kuna ubishi usiokwisha. Wenzangu wanasema Tom Cruise anafanya mwenyewe mambo yote ya hatari. Mimi nasema ni kompyuta. Tuamulie.*

Nyote mna haki, nusu kwa nusu. Aliyening'inia nje ya jengo la Burj Khalifa huko Dubai, katika ile Mission: Impossible ya mwaka 2011, ni yeye kweli, na aliyekuwa nje ya ubavu wa ndege ya Airbus A400M inayoruka, katika ile ya mwaka 2015, ni yeye pia. Lakini alikuwa amefungwa kamba na mikanda ya usalama, na kazi ya kompyuta ilikuwa ni kuzifuta kamba hizo zisionekane. Kwa hiyo hatari ni ya kweli, na tahadhari iliyofichwa ni ya kweli vilevile.

Ukitaka ushahidi wa kuwafunga midomo wenzako, watafutie ile ya mwaka 2018, wakati anaporuka kutoka paa moja hadi jingine mjini London. Alivunjika kifundo cha mguu pale pale mwaka 2017, akajikokota hadi kumaliza kitendo, na picha hiyo hiyo ndiyo iliyowekwa ndani ya filamu. Anavyochechemea hakuigizi.

Ninachosikitikia ni kwamba sifa zote humwendea mtu mmoja. Mafundi wa michezo ya hatari, wanaopima urefu wa kamba na kuanguka kwanza ili wengine wasiumie, wamekaa bila ya tuzo yao ya Oscar tangu tuzo hizo zilipoanza kutolewa mwaka 1929. Ni mwaka 2025 tu ndipo ilipotangazwa kwamba watatengewa tuzo, na itaanzia kwa filamu zitakazotoka mwaka 2027.

*Assalamu alaykum. Nina watoto watatu, wa miaka 7, 10 na 13, na kila Ijumaa usiku tunaangalia picha pamoja hapa nyumbani Kiembesamaki. Wiki mbili zilizopita tuliweka picha ya safari za kutafuta hazina, kwenye jalada imeandikwa 13, na yule mdogo hakulala usiku kucha. Nifuate alama gani? Nao hawawezi bado kusoma maandishi ya chini.*

Waalaykumu ssalaam, dada. Ile alama ya 13 ina historia inayofanana sana na usiku wako. Mwaka 1984 ilitoka Indiana Jones and the Temple of Doom, ambamo kuna mtu anang'olewa moyo kifuani ungali unapiga. Wazazi wa Marekani waliopeleka watoto wao wakidhani ni safari ya kuchekesha walilalamika, na Steven Spielberg mwenyewe, aliyeiongoza, akashauri kuwepo daraja la katikati baina ya picha za familia na picha za watu wazima. Ndipo lilipozaliwa daraja hilo, mwaka huo huo. Kwa hiyo 13 haina maana kwamba mtoto wa miaka 7 ataogopa kidogo. Ina maana kwamba mzazi ametahadharishwa. Na ujue kwamba wanaopanga madaraja hayo huwa wakali kwa matusi na kwa mwili usiositiriwa kuliko walivyo kwa risasi. Mzazi wa hapa ana mizani yake mwenyewe, na njia niliyoiona inafaa ni kuiangalia picha peke yako kwanza, angalau dakika kumi za mwanzo na dakika kumi za katikati, kwani vitisho havikai mwanzoni.

Kwa Ijumaa ijayo wawekee Paddington 2 ya mwaka 2017. Dubu mdogo mwenye adabu anasingiziwa wizi, anafungwa jela, na kwa mapishi yake ya jemu ya machungwa anawalainisha wafungwa wote. Ina kufukuzana kwa magari ya moshi mwishoni kunakoonekana vizuri kuliko filamu nyingi za wakubwa, na sijamwona mtu mzima aliyeimaliza bila ya kupangusa macho.

Kuhusu kusoma, dawa ni picha zisizo na sauti. Buster Keaton alifanya vichekesho vyake miaka ya 1920, na mtoto wa Kiembesamaki anavielewa sawa na mtoto wa Marekani. Katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928 upepo mkali unaangusha ukuta mzima wa mbele wa nyumba juu yake, naye anasalimika kwa sababu amesimama sawasawa na nafasi ya dirisha lililo wazi. Ukuta ule ulikuwa wa kweli, na angesogea hatua moja tu tusingekuwa na jambo la kucheka. Kamera imesimama mbali, haikati, unaona kila kitu. Mwalimu wa Chake Chake naye aitafute.

Home Alone, ya mwaka 1990, watoto wako wataipenda bila shaka. Baada ya kuiangalia, hesabu pasi zako.

*Mwanangu mhariri, mimi ni mtu wa Malindi, na ujana wangu umepita Cine Afrique na Majestic ya Vuga. Sholay, ile picha ya Kihindi, niliiona si chini ya mara sita. Mwisho wake naukumbuka: Thakur anataka kumuua jambazi Gabbar kwa viatu vyenye misumari, polisi wanatokea, wanamzuia. Mjukuu wangu ameniletea kwenye simu picha hiyo hiyo, na Gabbar anauawa. Je, kumbukumbu zangu ndizo zilizochakaa, au vijana wameibadilisha kwa kompyuta?*

Shikamoo, mzee wangu. Kumbukumbu zako ziko salama, na mjukuu wako hakukudanganya. Sholay ina miisho miwili, na ule uliouona wewe ndio wa pili kutengenezwa.

Mwongozaji, Ramesh Sippy, alipiga picha ile katika majabali ya Ramanagara, karibu na Bangalore, na katika mwisho wake wa asili Thakur anamuua Gabbar. Ilitakiwa itoke tarehe 15 Agosti 1975. Lakini mwezi wa Juni mwaka huo serikali ya India ilitangaza hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu hawakutaka kuonekana mtu aliyewahi kuwa afisa wa polisi, kama alivyokuwa Thakur, akijichukulia sheria mkononi. Ndipo likapigwa upya lile tukio la polisi kufika wakati muafaka na kumkumbusha kwamba adhabu ni kazi ya mahakama. Dunia nzima, pamoja na Malindi, ikauona mwisho huo. Ule wa asili ulianza kupatikana miaka mingi baadaye katika nakala za kuangalia nyumbani, na mwaka 2025, filamu ilipotimiza miaka 50, ilioneshwa ikiwa imesafishwa na kurudishiwa mwisho wake wa kwanza katika tamasha moja mjini Bologna, Italia.

Ukiniuliza upi ni bora, nitakwambia ule wa asili, ingawa natambua kwamba namgusa mtu mahali pake. Thakur amekatwa mikono yote miwili na Gabbar. Muda mwingi wa filamu hii ya saa tatu na zaidi anatembea na shali mabegani, nasi tunangojea kuona mtu asiye na mikono atalipa vipi kisasi. Viatu vyenye misumari viko tayari. Kisha anafika mgeni aliyevaa sare na kusema basi, imetosha! Ni kama mtu aliyetega dema, akangojea maji yatoke, na alipokwenda kulivua akaambiwa kwamba samaki ni wa serikali.

Hayo hayapunguzi utamu wa mengine. Ule uvamizi wa gari la moshi mwanzoni, uliosimamiwa kwa msaada wa mafundi wa michezo ya hatari walioletwa kutoka Uingereza, hadi leo naweza kuuchora kwa chaki sakafuni: majambazi wanatokea upande gani, makaa yako wapi, nani yuko juu ya behewa. Na shangazi yangu mmoja, aliyekuwa akienda kwenye maonesho ya wanawake peke yao, alinisimulia kwamba hakuna aliyetoka ukumbini na macho makavu alipokufa Jai, mmoja wa mashujaa wawili wa hadithi, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na kanuni kwamba steringi hafi. Huyu alikufa, tena pesa yake ya kurusha ilipogeuzwa ikaonekana kuwa na kichwa pande zote mbili, kumbe kila alipopiga kura na rafiki yake alikuwa amekwisha kuamua mwenyewe nani aingie hatarini. Mjini Mumbai kulikuwa na ukumbi, Minerva, ulioionesha kwa muda wa miaka mitano. Mara zako sita, mzee wangu, ni chache.

*Mimi ni mwanafunzi, Mkoani. Je, ipo picha kubwa ya Marekani yenye Kiswahili, mbali na ile ya simba katuni?*

Ipo moja ambayo hata jina lake ni la kwetu: Hatari! ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Howard Hawks, akiigiza John Wayne. Ilipigwa Tanganyika, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960, uhuru ukiwa bado haujafika, na inahusu watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya mabustani ya wanyama. Hadithi yake ni nyepesi na ndefu kupita kiasi, na wenyeji wamewekwa pembeni kama vyombo vya nyumba. Ila vifaru wanaofukuzwa kwa magari ni vifaru, na waigizaji wenyewe ndio waliokuwa ndani ya magari hayo. Mmoja wao, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda nchi kiasi cha kununua shamba huko Momella, chini ya mlima Meru.

Ukitaka lugha ya jirani zetu kwenye picha ya siku hizi, tega sikio katika Black Panther ya mwaka 2018. Lugha ya Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, ni Kixhosa cha Afrika Kusini, iliyoingizwa katika hadithi hizo kwa ushauri wa mwigizaji John Kani, na utakapojua kwamba mtu kwao ni umntu na watu ni abantu, utakaa kitako vizuri zaidi.

*Mhariri, mimi na kaka yangu hapa Wete hatuelewani. Mimi napenda picha za nje zilizotiwa maneno ya Kiswahili na wale mafundi wa kutafsiri. Yeye anasema ni uhuni, mtu anapiga kelele juu ya kazi ya mwenzake. Nani mwenye haki?*

Nimekuwa upande wako na nimekuwa upande wake, kutegemea na picha iliyowekwa. Fundi hodari wa kutafsiri, kama alivyokuwa Lufufu wa Dar es Salaam, hafanyi tafsiri ya neno kwa neno. Anampa adui jina la utani, anatuonya kwamba mlangoni kuna mtu, anamgombeza steringi kwa kumwamini mwanamke asiyefaa, na pale wazungu wanapokaa kimya dakika nzima yeye anatujazia kisa kisichomo. Ni mtambaji wa hadithi aliyepewa picha badala ya moto wa kuni. Wazee wetu wengi wasiojua Kiingereza wamefuata visa vizima kwa njia hiyo, na siwezi kuiita uhuni.

Katika vichekesho na katika kung fu namkaribisha mchana na usiku. Lakini kuna picha ambazo ukimya ndio silaha yake. Mtu yuko kabatini, mwuaji anapita, tunasikia ubao wa sakafu unalia, na hapo hapo fundi wetu anapasua: "Jamani, yumo kabatini!" Hapo kaka yako ana haki, nami nitamsaidia kuizima televisheni. Anayo haki nyingine pia, kwamba waliotengeneza filamu hawapati hata senti moja kwa nakala hizo. Hilo halina mjadala.

*Ndugu mhariri, nimenunua televisheni mpya ya bapa, kubwa, kwa fedha nyingi. Picha za habari na mpira ni safi. Lakini nikiweka filamu, hata ile ghali kabisa, inaonekana kama mchezo wa kuigiza uliopigwa kwa simu ukumbini. Muuzaji ananiambia nimezoea vibaya. Ni kweli? (Mkunazini)*

Si kweli, na fedha zako hazikupotea. Filamu, tangu sauti ilipoingia sinema miaka ya 1920, hupigwa picha 24 kwa kila sekunde, na ule mfifio mdogo wa mwendo ndani ya kila picha ndio unaoipa sura tuliyoizoea. Televisheni mpya huonesha picha 50 au 60 kwa sekunde, nyingine hadi 120, na kiwandani hufunguliwa mtambo unaobuni picha za uongo na kuzipachika katikati ili kila kitu kiteleze. Mpira unafaidika, kwa kuwa unauona mwendo wake vizuri. Filamu inaharibika: jengo linaonekana la mbao, ngumi inaonekana ya mazoezi. Jambo hili limewaudhi wenyewe kiasi kwamba mwaka 2018 Tom Cruise na mwongozaji wake, Christopher McQuarrie, walirekodi ujumbe wa kuwaomba watu wauzime mtambo huo.

Chukua rimoti, ingia mahali pa marekebisho, kisha sehemu ya picha. Kila kampuni imeupa jina lake, lakini tafuta neno la Kiingereza lenye maana ya mwendo au ulaini, ulizime kabisa, au uchague hali ya picha iliyoandikwa sinema. Wakati wa mpira unaweza kuufungua tena. Na kama maneno ya waigizaji husikika chini halafu mripuko ukawaamsha watoto, humo humo kwenye sauti kuna hali ya usiku inayopunguza tofauti hiyo. Ukimaliza, rudia kuangalia picha ile ile uliyoiona mbaya, ukiwa umezima na taa ya ukumbini, kisha utuandikie kama bado inafanana na mchezo wa simu. Muuzaji wako mwite aje aone.